Seyyid Khalifa Yupi?

Zanzibar iliwahi kutawaliwa na kina Khalifa wawili, na anayetaja "Seyyid Khalifa" bila nyongeza humkusudia, karibu kila mara, yule wa pili: Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu 1911 hadi alipofariki Oktoba 1960. Huyo alifanyiwa jubilei mwaka 1936, na sura yake ikasafiri duniani kwenye stempu. Khalifa bin Said alitawala miaka miwili tu, tena migumu. Aprili 1888, mwezi mmoja hivi baada ya kaka yake Barghash kufariki, alitia saini mkataba ulioikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa mwambao kwa jina lake. Agosti mwaka huohuo Wajerumani walipong'ang'ania kupandisha bendera yao Pangani, wenyeji walikataa, na vita vya Abushiri bin Salim vikawaka. Wajina wawili, basi, na ukiacha jina la baba unambebesha mmoja mzigo wa mwenziwe.

Ila jina la baba lina kazi kubwa kuliko kutenganisha wajina. Tazama orodha ya masultani. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, kuanzia 1856 hadi 1893, wote ni bin Said, ndugu wanne waliopokezana. Kisha ghafla wanakuja Hamad bin Thuwaini, Hamoud bin Mohammed, Ali bin Hamoud (Ali wa pili huyo), halafu Khalifa bin Harub. Katikati ya safu hizo mbili upo mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza na kurithi kiti kukahitaji idhini ya Waingereza.

Atasema mtu kwamba wana wa Said wasingeishi milele, kwa hiyo zamu ya wajukuu ilikuwa lazima ifike. Tena urithi haukuwa na utulivu hata kabla ya Waingereza. Barghash mwenyewe alimwasi Majid mwaka 1859. Yote ni kweli. Lakini swali ni mjukuu gani. Thuwaini alitawala Oman, si Zanzibar. Mohammed hakutawala popote. Khalid, ambaye baba yake Barghash alikalia kiti chenyewe, alijaribu kukitwaa 1893 akarudishwa nyuma, akajaribu tena 1896. Mara hiyo manowari za Kiingereza zilipiga jumba la mfalme asubuhi ya tarehe 27 Agosti, na haikutimia saa moja Khalid alikuwa amekimbilia ubalozi wa Ujerumani. Jioni ile sultani alikuwa Hamoud. Kuwa bin Barghash hakukumfaa kitu.

Wapo wanaopendekeza tuandike Khalifa wa Kwanza na Khalifa wa Pili, kama wafalme wa Ulaya. Inarahisisha mitihani, sikatai. Lakini nambari humfanya msomaji adhani kiti kilishuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine katika nyumba moja. Khalifa bin Harub alizaliwa Muscat mwaka 1879, mjukuu wa Thuwaini, na alimwoa Matuka, dada yake Ali bin Hamoud. Ali alipojiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya, kiti kilimwendea shemeji yake.