Bahasha ya siku ya kwanza
Bahasha iliyobandikwa stempu mpya na kugongwa muhuri wa posta siku ileile stempu ilipotolewa. Miongoni mwa za awali nchini ni za uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961. Kwa mkusanyaji wa Njombe au Makambako, inayogusa moyo zaidi ni seti ya reli za Afrika Mashariki ya mwaka 1976, yenye stempu ya TAZARA: reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo hupita Makambako. Thamani imo kwenye muhuri. Jina la posta na tarehe visiposomeka, hiyo ni bahasha kuukuu tu. Ukungu wa nyanda za juu huleta kuvu, itunzwe pakavu.