Dhamana ya kusubiri rufaa

Dhamana ya kusubiri rufaa ni ruhusa ya mahakama kwa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo, ili akae nje ya gereza hadi rufaa yake iamuliwe. Haifuti hatia wala adhabu, bali inaahirisha utekelezaji wa adhabu tu. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza zina utaratibu huo. Makala hii inaeleza hasa ule wa Kenya.

Tofauti na dhamana ya kabla ya hukumu

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, isipokuwa kama kuna sababu nzito za kumnyima. Haki hiyo inakwenda pamoja na ibara ya 50, ambayo inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akishatiwa hatiani, kinga hiyo inaondoka na mzigo unageuka. Sasa ni mfungwa anayepaswa kuishawishi mahakama kwa nini atoke.

Mamlaka ya mahakama

Kifungu cha 357 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (Sura ya 75) kinasema kwamba rufaa ikishawasilishwa, Mahakama Kuu au mahakama ya chini iliyotoa hukumu inaweza kumwachilia mkata rufaa kwa dhamana, akiwa na wadhamini au bila wadhamini. Neno "inaweza" lina uzito: mahakama hailazimiki. Nchini Tanzania mamlaka ya namna hiyo yamo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Mambo yanayopimwa

Kesi inayotajwa sana ni Jivraj Shah dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Kenya mwaka 1986. Kipimo chake kikuu ni kuwepo kwa hali ya pekee isiyo ya kawaida. Hali hiyo ipo ikiwa rufaa, kwa mtazamo wa awali, inaelekea kushinda kutokana na hoja nzito ya kisheria, na kifungo chote au sehemu yake kubwa kitakuwa kimetumikiwa kabla rufaa haijasikilizwa.

Sharti hilo la muda lina maana kubwa kwa wenye vifungo vifupi. Mtu aliyefungwa miezi 6, rufaa yake ikachukua mwaka mzima, akishinda anakuwa ameshamaliza adhabu ambayo hakustahili. Kwa mwenye kifungo cha miaka 20 hoja hiyo haina nguvu sana.

Mwaka huohuo mahakama hiyo ilisema pia kwamba ugonjwa peke yake hautoshi ikiwa matibabu yanapatikana kwa wafungwa, wala mwenendo mwema wa zamani, wala shida za familia. Hata hivyo hoja hizo bado huletwa mara kwa mara.

Uganda imelegeza kidogo. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilitaja mambo kadhaa, yakiwemo tabia ya mwombaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama kosa lilihusu kumdhuru mtu, na kama alitii masharti ya dhamana ya awali. Si lazima yote yawepo. Mawili au zaidi yanaweza kutosha.

Rufaa ikishindwa

Nchini Kenya muda ambao mkata rufaa alikuwa nje kwa dhamana hauhesabiwi katika kifungo. Aliyehukumiwa mwaka 1 na kutoka baada ya mwezi 1 bado anadaiwa miezi 11, hata kama alikaa nyumbani miaka miwili.