Ufunguo wa Landhi

Mtu atokaye katikati ya Nairobi kwa miguu, akifuata barabara ya Landhies kuelekea mashariki, hupita kando ya Muthurwa, mtaa ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao ya wafanyakazi wa reli. Na jina la barabara lenyewe ni ukumbusho wa jambo hilo, maana landhi, kwa watu wa reli, ni ule msururu wa vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta ambavyo mwajiri huwapa wafanyakazi wake wa daraja la chini. Chumba kimoja, mlango mmoja, stovu ya mafuta ya taa pembeni, kitanda nyuma ya pazia, na nje mfereji wa maji ulio shirika kwa majirani wote: humo mtu alioa, akalea, akazeeka. Lakini ufunguo wa chumba haukuwa wake. Aliupokea pamoja na kazi, na siku ya kutoka kazini ilimpasa kuurudisha. Kwa sababu hiyo, katika mitaa ya reli ya Eastlands, yaani Muthurwa na Makongeni, tetesi za mabadiliko ya wakubwa huko makao makuu zilisikika kama hodi mlangoni.

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, ikiwa safarini kutoka Mombasa kwenda ziwani, na mji ukazaliwa ubavuni mwake. Utaratibu wa ajira na utaratibu wa makazi vilikwenda sambamba: wakubwa wa Kizungu walikaa kilimani, Wahindi wakapewa nyumba upande wa Ngara, na Waafrika wakateremshwa bondeni. Aghalabu Mwafrika aliweza kuchochea moto wa garimoshi miaka na miaka, akalijua kwa mlio wake kama mama amjuavyo mwanawe, ilhali kiti cha dereva kikiwa cha mwingine.

Dhuluma hiyo haikupokewa kimya. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa, wa bandari na wa reli wakiwa mbele, na Chege Kibachia akaliongoza shirikisho lililotokana na mgomo huo hata alipokamatwa mwezi Agosti na kupelekwa mbali, Kabarnet. Mwaka uliofuata ikatoka taarifa ya Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, nayo ikapendekeza kwamba Mwafrika mwenye sifa zile zile na kazi ile ile alipwe khumusi tatu za ujira wa Mzungu, yaani shilingi 3 kwa kila shilingi 5. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyopendekeza rangi iondolewe katika ngazi za mishahara, ingawa watokao ng'ambo walibakiziwa nyongeza yao ya kuwavuta waje.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengi walidhani mizani sasa imekaa sawa. Kumbe lawama ilibadili mavazi tu. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1967 ilimtaka asiye raia apate kibali cha kazi, na makarani na mafundi wa Kihindi waliotumika ofisini na karakanani maisha yao yote wakafunga safari. Na nafasi zilipoachwa wazi, swali la zamani, la rangi ya mtu, likapisha swali jipya, la nani amjua nani.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1977. Reli ilikuwa mali ya nchi tatu, makao yake makuu yakiwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ilichukua kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Wakubwa walijadiliana hadi mwaka 1984 ndipo wakatia sahihi mapatano ya kugawana: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mabehewa na majengo yalihesabika. Utumishi wa mtu uliotapakaa katika nchi tatu ulikuwa mgumu kuhesabiwa, na wastaafu Watanzania wa Jumuiya walikuwa wangali wakidai haki zao Dar es Salaam hata katika miaka ya 2000.

Kisha ikaja Novemba 2006, Shirika la Reli la Kenya lilipoikabidhi njia kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa. Na kwa kuwa shirika lilikuwa na deni la pensheni, mali zake kadhaa, Muthurwa na Makongeni zikiwamo, zilikabidhiwa mfuko wa wastaafu. Hapo ndipo penye fundo la kisa hiki: mstaafu mmoja alingoja pensheni yake itokane na ardhi ambayo juu yake mwenzake alikuwa bado analala. Mwaka 2010 wakazi wa Muthurwa waliambiwa wahame, wakaenda mahakamani. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba namna walivyotakiwa kuondolewa ilikiuka haki zao, ile ya makazi ikiwamo.

Mkataba ule wa miaka 25 haukutimiza hata nusu ya muda wake, ukavunjwa mwaka 2017, mwaka ule ule treni mpya ya kwenda Mombasa ilipoanza kubeba abiria. Mwaka mmoja baadaye gazeti la The Standard likaandika malalamiko ya Wakenya waliokuwa wakifanya kazi humo chini ya wasimamizi Wachina, na miongoni mwake lilikuwamo la nani aachiwe kuendesha. Mzee aliyechochea moto katika miaka ya 1940, lau angesomewa habari ile, asingehitaji kufafanuliwa.

Si haki kusema kwamba kila kiongozi mpya wa reli alikuwa dhalimu. Malori yalikuwa yamekwisha kuinyang'anya reli mizigo, na hesabu zisizolingana hazilingani kwa huruma. Lakini ufunguo wa landhi mtu aliupokea mkononi, kutoka kwa mtu aliyemjua kwa sura. Ulipotakiwa kurudi, ilistahili naye aambiwe, uso kwa uso, ni kwa kipimo gani jirani amebaki na yeye ameondoka.