Umiadi wa Misaada: Kasoro za "Utabirikaji"
Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika nyaraka za misaada tangu Azimio la Paris la mwaka 2005, hakuna iliyopokewa bila kuhojiwa kama "utabirikaji". Pacha wake, "uwazi", yaani wahisani kutangaza hadharani nani anatoa kiasi gani na kwa kazi ipi, hauna mgogoro. Lakini sifa ya msaada kufika kwa kiasi na wakati uliokubaliwa imepewa jina lisiloifaa.

Kitenzi "tabiri" kimetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ilihusu kufasiri ndoto, na Waswahili wamekitumia kwa mnajimu, kwa mpiga ramli na, siku hizi, kwa mamlaka za hali ya hewa, ambao wote hukisia mambo yasiyo mikononi mwao. Msaada si mvua: mhisani ndiye mwenye fedha na ndiye mwenye kalenda, hivyo kusema kwamba msaada wake "hautabiriki" ni kumvua wajibu na kuiachia Hazina kazi ya ramli.

Istilahi inayostahili ni "umiadi". "Miadi" ni neno la Kiarabu lenye shina moja na "waadi", na limebeba ahadi na wakati kwa pamoja, ilhali "ahadi", yenye shina jingine, haidai tarehe. Nacho kiambishi u- huunda dhana kama kilivyounda "utaifa" kutokana na "taifa". Wanaolikataa neno "umiadi" kwa hoja kwamba halijazoeleka wanasahau kwamba hata "utabirikaji" haukuzaliwa sokoni. Azimio lenyewe lilitaka, ifikapo mwaka 2010, ipunguzwe kwa nusu sehemu ya misaada isiyotolewa ndani ya mwaka wa fedha iliyopangiwa, nacho ni kipimo cha miadi, si cha ubashiri. Vilevile, wahisani waliposimamisha msaada wa bajeti kwa Tanzania mwaka 2014 kufuatia sakata la Tegeta Escrow, kilichoathirika si utabiri wa mtu yeyote, bali makubaliano yaliyokwisha kuingizwa katika bajeti.

Kwa matumizi, itoshe kuandika "umiadi wa misaada" na "misaada yenye miadi". Ama kinyume chake, "kuvunja miadi", hakihitaji kamati.