Unakodi Ndinga Kali na Dere ya Kwenda Kericho ama Bomet? Cheki Hizi Vitu Kwanza

Mdosi anakuja kukagua kiwanda cha chai Konoin. Ama ni wewe una koito Litein na hutaki kufika kwa wakwe ukiwa umekunjwa na matatu. Unataka ndinga ya maana, dere akiwa mbele na wewe nyuma umetulia. Ni poa, lakini ganji ni yako na roho pia ni yako. Rada ni hii kabla hujatuma depositi.

1. Anza na barabara

Nairobi hadi Kericho ni karibu kilomita 260 za lami, kupitia Nakuru, Mau Summit na Londiani. Wa Bomet wengi hukata Mai Mahiu, Narok na Mulot. Shida ni ile kilomita ya mwisho. Maboma mengi yako ndani kwa murram, katikati ya mashamba ya chai, na huku mvua hupenda kuja alasiri. Ukiingia hapo na Mercedes S-Class, wakwe watakupata ukisukuma.

2. Gari gani, safari gani

- Mkutano mjini ama kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu: Mercedes E-Class ama Toyota Crown inatosha. Kisumu hadi Kericho ni karibu kilomita 80 za lami kupitia Ahero.
- Koito, mazishi ama ziara ya shamba: Prado ama Land Cruiser V8. Imeinuka na inavuta magurudumu yote manne.
- Unabeba gogo na wazee: Toyota Alphard ina viti vipana na mlango wa kuteleza, kupanda ni rahisi. Lakini iko chini, so iache kwa lami.

3. Karatasi ndio mwanzo wa mchezo

Hapa ndio wengi huchomeka. Msee wa mtaa anakupea Prado ya shemeji yake kwa bei ya kutupa. Kumbe bima yake ni ya matumizi binafsi. Mkipata ajali ukiwa umelipia hiyo safari, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na bili ya hospitali ikuangukie.

Uliza mapema: bima inaruhusu kubeba abiria wa kulipa? Ukaguzi wa NTSA umefanywa? Leseni ya dere ina PSV? Pia tafuta namba ya gari kwa mtandao wa NTSA uone jina la mwenyewe. Kama halifanani na la anayetaka pesa, akueleze kwa nini.

4. Dere ni muhimu kuliko ngozi ya kiti

Sheria ya trafiki ya Kenya inasema dere wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Sasa piga hesabu: Nairobi hadi Kericho ni kama masaa 5. Kwenda na kurudi siku moja ni 10. Kwa hivyo dere alale huko, ama wawe wawili.

Na si sheria tu. Njiani kuna Salgaa. Halafu kuna Londiani, pale lori liligonga magari na wachuuzi tarehe 30 Juni 2023 na zaidi ya watu 50 wakafa. Ongeza ukungu wa jioni na usingizi wa dere. Ukiona anakimbiza, mwambie apunguze. Wewe ndiye umelipa.

5. Pesa, iandikwe

Hata kama ni WhatsApp, yafuatayo yaonekane: siku moja ni masaa mangapi, kilomita ngapi, mafuta ni ya nani, na nani analipia dere chakula na mahali pa kulala. Gari ikizima njiani, wanaleta ingine saa ngapi? Kericho pia huwa na mvua ya mawe, so uliza kioo kikivunjika ni cha nani. Usitume pesa kwa sababu ya picha. Piga video ukaone gari na namba yake.

Siku moja kabla, cheki tairi, waipa na taa. Pigia mtu wa boma umuulize kama murram inapitika. Kisha tokeni Nairobi mapema, kabla ya kuche, ndio mfike mvua haijaanza.