Moto wa London na Sheria ya Kuta

Usiku wa manane, tarehe 2 Septemba, 1666, moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate mmoja katika njia iitwayo Pudding Lane, London. Nyumba nyingi za mji ule zilikuwa za mbao, na orofa zao za juu zilichomoza mbele, hata nyumba za pande mbili za njia zikakaribia kugusana. Upepo wa mashariki ulipovuma, moto uliruka njia kwa urahisi. Kwa muda wa siku nne ziliteketea nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87.

Wala usidhani, msomaji, kwamba watu hawakuonywa. Amri za kujenga kwa mawe au matofali zilikuwako tangu zamani, lakini zilipuuzwa. Ndipo mwaka wa 1667 Bunge likapitisha sheria: kuta za nje ziwe za matofali au mawe, njia nyembamba zipanuliwe, na wakaguzi wawekwe.

Moto hauna haja ya kugusa ili uwashe. Joto lake peke yake laweza kuuwasha ukuta wa mbao ulio karibu. Basi ajengaye hata ukingoni mwa kiwanja hujipatia hatua chache za ardhi, lakini huyaweka rehani maisha ya jirani pamoja na yake mwenyewe.