Safura, udongo na kidonge cha chuma

Mmenizoea kwa mambo ya mishono, vitambaa na biashara ndogondogo, lakini leo naomba mnivumilie, nimekuja na historia. Imeanzia ndani ya kopo langu la vifungo.

Mwaka 2018 nilikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba. Naishi Jangwani, na kibanda changu cha ushonaji kiko Kariakoo, kwa hiyo kila asubuhi natembea tu. Mwendo wa dakika kumi na tano ukaanza kunichukua nusu saa. Nikipanda ngazi moyo unadunda kama cherehani isiyotiwa mafuta. Siku ya kliniki nikapimwa damu, ikasoma 7.4. Nesi akaniuliza, "Mama, vidonge vya damu unameza?" Nikamjibu, "Namezaaa." Astaghfirullah, nilisema uongo mchana kweupe. Vidonge vyote vya miezi mitatu vilikuwa kwenye kopo la vifungo, chini ya meza ya cherehani.

Sikuviacha kwa uvivu. Kwanza vilinitia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, nikaogopa. Pili, mama mkwe aliniambia vinamkuza mtoto tumboni mpaka unakwenda kupasuliwa. Tatu, na hili ndilo lililonishika zaidi, shangazi yangu wa Wete alinipigia simu akaniambia: "Mwanangu, hivyo vidonge vya chuma huku kwetu Pemba viliwahi kudhuru watoto, wazungu wenyewe wakavisimamisha."

Msidhani ni mimi peke yangu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 waliojifungua, kama 4 tu ndio waliomeza vidonge hivyo siku 90 au zaidi. Ule wa 2015-16 ukakuta wamefika 21. Mwaka huohuo wa 2015-16 zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa, asilimia 57, walikuwa na upungufu wa damu. Vidonge vinatolewa, lakini vingi vinaishia kwenye makopo kama langu.

Mimi nina kidato cha nne na cheti cha ushonaji. Udaktari sijasoma, ila kusoma najua. Nikaanza kuuliza na kutafuta, na nilichokikuta kimenifanya niandike.

Tuanze na neno. Wazee wetu walikuwa na jina la ugonjwa huu kabla ya kliniki yoyote: safura. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu, kwenye rangi ya manjano, kwa sababu mtu mwenye safura uso unapauka na macho yanakuwa meupe pee. Leo madaktari wakisema safura wanakusudia hasa minyoo inayonyonya damu matumboni, ile inayoingia kwa kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Zamani neno lilikuwa pana zaidi. Lilihusu mtu aliyeishiwa nguvu, aliyevimba miguu, anayehema kwa hatua mbili, na anayekula udongo.

Mwaka 1870 Daktari David Livingstone, yule Mskoti aliyetembea bara letu mpaka akafa huko, alikuwa amekwama Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, mgonjwa na mwenye vidonda miguuni. Waliomtunza walikuwa wafanyabiashara wa pwani yetu. Katika daftari lake, lililochapwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, aliandika habari za safura. Alieleza kwamba ndilo jina la Zanzibar la ugonjwa wa kula udongo. Unawapata sana watumwa lakini hauishii kwao, hata matajiri wenye chakula tele huupata. Akaongeza kwamba udongo unaopendwa ni ule wa kwenye kuta za nyumba, na kwamba wanawake wa Kimanyema wakiwa wajawazito huula.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Udongo wa ukuta! Miaka zaidi ya 150 imepita, na mimi nimelelewa Pemba nikiwaona wanawake wazima wakimegua kuta. Na huku Kariakoo udongo wa kula wajawazito unauzwa umefinyangwa vijiti, na jina lake unaitwa, mtanisamehe Wapemba wenzangu, "pemba". Mteja anasimama mbele yangu anamwambia muuzaji, "Nipe pemba ya mia mbili," na mimi Mpemba nimekaa hapo nashona.

Sasa sikilizeni dawa. Livingstone aliandika na tiba ya safura, aliyoipata kwa mfanyabiashara anayemwita Mohamad, ambaye baba yake alikuwa mjuzi wa kuitibu. Unachukua siki kongwe ya mnazi unaitia kwenye beseni kubwa. Unachukua mavi ya chuma, yaani yale makapi yanayobaki tanuruni chuma kikiyeyushwa, unayachoma mpaka yawe mekundu, kisha unayatumbukiza kwenye siki. Unaongeza mvuje kwa kipimo cha nusu rupia, pamoja na dawa nyingine na chumvi moja ya kijani ambayo Waingereza zamani walikuwa wakiinunua dukani kwa kutilia rangi nguo na kutengenezea wino. Mgonjwa anakunywa glasi ndogo asubuhi na jioni kabla hajala, siku saba.

Ile chumvi ya kijani ndiyo iliyonisimamisha. Jina lake la kitaalamu ni ferasi salfeti. Nikaenda kwenye kopo la vifungo, nikatoa pakiti ya vidonge vya kliniki, nikasoma mgongoni: ferasi salfeti na foliki asidi. Kitu kilekile! Na siki ikimwagiwa chuma cha moto nayo inayeyusha chuma kidogo. Kwa hiyo yule mzee, baba yake Mohamad, ambaye jina lake halikuandikwa, alikuwa akiwanywesha watu chuma kwa njia mbili ndani ya beseni moja.

(Tafadhali mtu asiende kwa wahunzi kutafuta mavi ya chuma. Dawa ile ilikuwa ya kutapisha na kuharisha, na kipimo chake kilikuwa cha kubahatisha.)

Walikosea kwenye chakula. Mgonjwa alikatazwa nyama, samaki, mayai na siagi kwa muda wa miaka miwili, anakula mchele wa zamani au mtama na maji. Yaani wanampa chuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wanamnyima vyakula vyenye chuma kizuri kuliko vyote. Nikajiuliza kama ule mwiko wa mayai kwa mjamzito, ambao hata mimi nimetajiwa, hauna undugu na mambo kama haya.

Huko Ulaya nako hawakuwa mbali sana. Mwaka 1832 daktari mmoja wa Ufaransa, Pierre Blaud, alitangaza vidonge vyake kwa wasichana waliopauka kwa kukosa damu, na ndani yake ilikuwa ferasi salfeti hiyohiyo iliyochanganywa na dawa nyingine ya chumvi. Vidonge vya Blaud viliuzwa duniani miaka mingi. Sijui nani alimfundisha nani, au kama kila mmoja aligundua kwake, ila najua kwamba mtu akiniambia kidonge cha chuma ni jambo la kigeni, ninalo la kumjibu.

Na sisi Waislamu tuna sura nzima yenye jina la Chuma, Surat Al-Hadid, ya 57. Nimeisoma tangu chuoni nikifikiria mapanga na majembe tu. Sikuwahi kufikiria kwamba ndani ya damu yangu kuna chuma, na kwamba kikipungua ndipo pumzi inakuwa fupi, maana chuma ndicho kinachobeba hewa kwenye damu.

Foliki asidi nayo ina hadithi yake, na inapita kwenye bahari yetu hiihii ya Hindi. Mwaka 1928 daktari wa kike wa Uingereza, Lucy Wills, alikwenda India kuchunguza kwa nini wajawazito wa Bombay, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wanakufa kwa kukosa damu. Mafundi wa nguo, wenzangu! Aliangalia wanakula nini, akaona kadiri chakula kilivyokuwa duni ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Akajaribu kuwapa kitu kilichotengenezwa kwa hamira, kile cha kupaka mkate kinachoitwa Marmite, na wakapona. Kilichowaponya kilikuja kupatikana mwaka 1941 kwenye majani ya mchicha, na ndiyo sababu kikapewa jina linalotokana na neno la Kilatini la jani. Bibi zetu wanaosema "kula mboga za majani uongeze damu" hawakukosea, ila mwenye mimba mboga peke yake mara nyingi haimtoshelezi.

Haya, sasa turudi kwa shangazi. Nilitaka sana awe amekosea. Hakukosea.

Kule kwetu Pemba, kwenye maabara ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, ulifanyika utafiti mkubwa wa watoto wadogo, maelfu kwa maelfu, wa umri wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Wengine walipewa chuma na foliki asidi kila siku, wengine hawakupewa. Agosti 2003 upande wa chuma ulisimamishwa, kwa sababu watoto waliopewa walikuwa wanalazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa kiasi cha asilimia 12. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi sana, na chuma kikizidi kwa mtoto asiyekihitaji, malaria inapata nguvu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na dunia nzima ikabadilisha namna ya kuwapa watoto chuma. Jambo moja halikufika masikioni mwa shangazi: walipowatazama watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu, hao chuma kiliwasaidia.

Basi kila mwenye akili angeuliza: na wajawazito wa maeneo ya malaria je? Hasa sisi wa Jangwani, bonde la Msimbazi, tunaokaa na maji na mbu mwaka mzima. Mimba yenyewe inaita malaria, na malaria inapenda kujificha kwenye kondo la nyuma.

Jibu lilitafutwa hapahapa Dar es Salaam. Kuanzia Septemba 2010 hadi Oktoba 2012, wajawazito 1,500 wa mimba ya kwanza au ya pili, waliokuwa hawana upungufu wa damu wala wa chuma na hawana VVU, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likameza chuma miligramu 60 kila siku, jingine likameza kidonge kinachofanana lakini hakina chuma. Wote waliendelea na huduma za kawaida za kliniki. Walipojifungua kondo zikapimwa. Malaria haikuwa zaidi kwa waliomeza chuma. Upungufu wa damu wakati wa kujifungua ulipungua kwa asilimia 40 kwa waliomeza. Matokeo yalitoka mwaka 2015, miaka mitatu kabla mimi sijavificha vyangu kwenye vifungo.

Hao 1,500 sitawajua kamwe. Huenda mmoja wao amewahi kushonewa dera na mimi. Walimeza bila kujua kidonge kina nini, ili mimi nijue.

Nilirudi kliniki nikasema ukweli. Nesi hakunigombeza, Mungu ambariki. Alinieleza kwamba choo cheusi ni chuma kilichobaki tu, si damu, na kwamba kichefuchefu kinapungua nikimeza usiku baada ya chakula. Nimeze na chungwa au limau, na chai nisiinywe karibu na kidonge, kwa sababu chai inakizuia chuma kisiingie. Mimi wa chai ya rangi vikombe vinne kwa siku! Akanipa na dawa ya minyoo. Na udongo akanikataza, kwa kuwa unashika chuma tumboni unatoka nacho, mbali na mayai ya minyoo yanayoweza kuwemo. Baadaye nilikuta kwamba wajawazito zaidi ya 2,300 wa Pemba waliwahi kuchunguzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha wanaokula udongo na mchele mbichi ndio waliokuwa wakikosa damu zaidi. Kipi kinaanza, hamu ya udongo au kukosa damu, bado wataalamu wanabishana.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto kilo tatu na kidogo, wala si jitu kama alivyohofia mama mkwe. Damu yangu ilikuwa imepanda mpaka 10.2. Sikuhitaji kuongezewa, alhamdulillah.

Nilimpigia shangazi nikamsimulia yote, kuanzia beseni la siki mpaka wale wanawake 1,500. Alisikiliza kimya. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo huyo mzungu alisema hata matajiri walikuwa wanakula udongo?" Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema, "mimi na huu wangu wa ukutani niache." Tukabishana hapo mpaka salio likakata.